Maneno Yanayopima Utafiti: Istilahi za Vifo vya Ghafla vya Wanamichezo

Mwaka 2006 watafiti wa Italia walitoa taarifa kuhusu mkoa wa Veneto. Walisema kwamba tangu wanamichezo vijana wa huko walipoanza kupimwa moyo kwa lazima, vifo vyao vya ghafla vilipungua kutoka 3.6 kwa kila miaka-watu 100,000 katika 1979–1980 hadi 0.4 katika 2003–2004. Mwaka 2011 watafiti wa Israeli nao wakatoa taarifa yao. Huko sheria ya kuwapima wanamichezo ilitungwa mwaka 1997, na kiwango walichokiona kilikuwa 2.54 kabla ya sheria na 2.66 baada yake. Kwa hiyo taarifa ya kwanza yasema upimaji huokoa maisha, na ya pili yasema haukuleta tofauti yoyote.

Tuseme taarifa hizi mbili zimewekwa mezani kwa mfasiri, naye anatakiwa azitie katika Kiswahili ili zisomwe na ofisa anayeshughulikia michezo ya shule. Ofisa huyo ataamua kama fedha za wilaya zitumike kununua vipimo vya moyo, au kuwafundisha walimu huduma ya kwanza, au kununulia jezi na mipira. Hana njia ya kuzifikia taarifa hizo ila kupitia maneno ya mfasiri. Mfasiri akiteleza katika neno moja, uamuzi nao utateleza.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ubora wa utafiti wa namna hii hutegemea kwanza maana ya maneno machache: ghafla, moyo, mwanamichezo, upimaji na sababu. Msomaji atakayeyashika maneno hayo barabara ataweza kuupima utafiti hata kama si tabibu. Asiyeyashika atapokea tarakimu kama zilivyo, kubwa na ndogo, bila ya kujua zimehesabu nini.

1. Ghafla ni lini?

Katika mazungumzo ya kila siku neno "ghafla" huonyesha mshangao wa wafiwa. Mzee aliyeugua siku tatu akafa huweza kusemwa kuwa amekufa ghafla, kwa kuwa hakuna aliyetarajia. Katika utafiti neno hili lina mipaka. Maana iliyozoeleka ni kifo kinachotokea katika muda usiozidi saa moja tangu dalili za kwanza kuonekana. Ikiwa hapakuwa na mtu wa kushuhudia, basi ni kifo cha mtu aliyeonekana mzima katika saa 24 zilizotangulia.

Mipaka hiyo haitoshi peke yake. Baadhi ya watafiti huhesabu tu waliokufa wakicheza au muda mfupi baada ya kucheza. Wengine huhesabu pia mwanamichezo aliyekufa usingizini. Utafiti wa namna ya pili utapata vifo vingi zaidi, ingawa watu waliokufa ni wale wale. Hivyo mfasiri asitosheke na "kifo cha ghafla". Yampasa aeleze kama ni "kifo cha ghafla mchezoni" au ni "kifo cha ghafla cha mwanamichezo, popote kilipotokea". Ni kweli kwamba maneno yanaongezeka, lakini yanayoongezeka ni yale ambayo hesabu yenyewe imejengwa juu yake.

2. Moyo umefanya nini?

Magazeti na redio zetu hutumia "mshtuko wa moyo" kwa karibu kila jambo linalompata mtu kifuani. Kuna mambo matatu ambayo lazima yatenganishwe.

La kwanza ni shambulio la moyo. Hapa mshipa unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo huziba, na sehemu ya misuli hiyo huanza kufa. Mgonjwa mara nyingi huwa na fahamu, hulalamika maumivu, na huenda akatembea mwenyewe hadi hospitali. La pili ni moyo kusimama ghafla. Umeme unaouongoza moyo huvurugika, moyo huacha kusukuma damu, na mtu huanguka na kupoteza fahamu katika sekunde chache. La tatu ni moyo kushindwa kazi, ambao ni udhaifu wa muda mrefu unaomfanya mgonjwa avimbe miguu na kukosa pumzi. Kwa wanamichezo wenye umri wa zaidi ya miaka 35, shambulio la moyo ndilo mara nyingi huleta kusimama kwa moyo. Kwa vijana, aghalabu chanzo ni kasoro ya kuzaliwa nayo au ya kurithi, ama katika misuli ya moyo, ama katika umeme wake.

Moyo kusimama si kifo bado. Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, mchezaji Christian Eriksen wa Denmark alianguka katika mechi dhidi ya Finland, moyo wake ukiwa umesimama. Alikandamizwa kifua, akashtuliwa moyo kwa mashine, akapona, na mwaka 2022 alirudi kucheza. Utafiti unaohesabu vifo hautamhesabu. Utafiti unaohesabu matukio ya moyo kusimama utamhesabu. Msomaji akirudi sasa kwenye taarifa mbili tulizoanza nazo ataona jambo: Waitalia walihesabu vifo, hali Waisraeli walihesabu vifo pamoja na matukio ya moyo kusimama ambayo hayakuishia katika kifo. Mfasiri aliyeandika "vifo" katika taarifa zote mbili amelinganisha vitu viwili visivyolingana, na msomaji wake hana namna ya kujua.

Neno jingine la kuangaliwa hapa ni "kifafa". Mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kutikisika viungo kwa muda mfupi, na watazamaji wakadhani ana kifafa. Wakidhani hivyo, watamwacha wakingoja kimpite. Kila dakika inayopita bila ya kukandamizwa kifua humpunguzia nafasi ya kuishi. Kwa hiyo kitabu cha huduma ya kwanza kinachofasiriwa hakina budi kusema waziwazi: aliyeanguka mchezoni, hajibu akiitwa, na hapumui kama kawaida, achukuliwe kuwa moyo wake umesimama, hata kama viungo vinatikisika.

3. Mwanamichezo ni nani?

Katika Kiswahili tuna mwanamichezo, mchezaji na mwanariadha. Wafasiri wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. Mwanariadha ni mtu wa mbio, miruko na mitupo. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, ni mwanariadha. Mlinda mlango wa timu ya mpira si mwanariadha, bali ni mchezaji. Wote wawili ni wanamichezo. Mfasiri anayeandika "vifo vya wanariadha" katika taarifa inayohusu zaidi mpira wa kikapu humfanya mwalimu awahofie wakimbiaji wake na kuwasahau wachezaji wake.

Neno "mchezaji" nalo lina upana wake. Katika Usukuma, mcheza ngoma wa Bagika au Bagalu huweza kucheza kwa nguvu juani kwa muda mrefu, mbele ya umati, akishindana na kundi la upande wa pili. Moyo wake hufanya kazi kubwa, pengine kuliko wa kijana aliyesajiliwa katika timu na akakaa benchi. Lakini katika utafiti wa Veneto mwanamichezo ni mtu wa miaka 12 hadi 35 anayeshiriki mashindano yaliyopangwa, mwenye mazoezi ya kawaida. Mcheza ngoma hayumo, wala mwendesha baiskeli anayepeleka mzigo gulioni.

Hatusemi kwamba mpaka huo ni mbaya. Kila utafiti hauna budi kuwa na mpaka. Tunasema kwamba mpaka lazima uandikwe katika tafsiri, ili anayesoma huku ajue kama utafiti ule unawahusu watu wake au hauwahusu.

4. Kiasi na asili

Kila mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Katika utafiti wa vifo, kiasi ni idadi ya waliokufa, na asili ni idadi ya watu ambao wangeweza kufa. Magazeti hupenda kiasi. Lakini aghalabu ubora wa utafiti huonekana katika asili.

Kwa kuwa watu hawafuatiliwi kwa muda ulio sawa, watafiti hutumia kipimo cha mwaka-mtu, yaani mtu mmoja aliyefuatiliwa kwa mwaka mmoja. Wachezaji 20 waliofuatiliwa miaka 5 ni miaka-watu 100, na wachezaji 100 waliofuatiliwa mwaka mmoja ni miaka-watu 100 vilevile. Mfasiri asiandike "watu 100" badala yake.

Tuchukue mfano wa wanafunzi wanamichezo wa vyuo vya Marekani. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2011, uliohusu miaka 2004 hadi 2008, vilipatikana vifo 45 vilivyotokana na moyo katika miaka-watu 1,969,663. Tukigawa, tunapata kifo kimoja kwa kila miaka-watu 43,770. Vifo hivyo 45 havikutoka katika orodha moja. Watafiti waliunganisha orodha kadhaa, na hata orodha iliyokuwa bora kuliko zote ilikuwa na vifo 39 tu. Lau wangaliitegemea hiyo peke yake, wangalipata kifo kimoja kwa kila miaka-watu 50,500 hivi, na hatari ingalionekana ndogo kuliko ilivyo. Swali la kwanza la mpima utafiti basi ni hili: majina ya waliokufa yalipatikanaje? Ikiwa yalitoka magazetini tu, yafaa kukumbuka kwamba gazeti huandika habari za mchezaji maarufu na kumwacha yule wa kijijini.

Swali la pili linahusu idadi ndogo. Utafiti ule ulisema kwamba kwa wanaume wanaocheza mpira wa kikapu katika daraja la kwanza la vyuo, kifo kilikuwa kimoja kwa kila miaka-watu 3,126. Tarakimu hiyo ilitisha wengi. Watafiti walipoendelea kuhesabu kwa miaka kumi, taarifa yao ya mwaka 2015 ikasema ni kimoja kwa kila miaka-watu 5,200. Hatari ingali kubwa kuliko ya wenzao, lakini imesogea sana, kwa sababu vifo vilikuwa vichache na kifo kimoja zaidi au pungufu huibadilisha hesabu nzima. Mfasiri anayetoa tarakimu ya namna hii hana budi kutaja pia idadi ya vifo iliyoizaa.

Hapa tungependa kuonya juu ya kosa linaloenea. Wafasiri wa habari za afya wamezoea maneno "kiwango cha maambukizi", nao huyatumia kila wanapotaka kutaja ni watu wangapi wana ugonjwa fulani. Kasoro ya moyo haiambukizi. Maneno yafaayo ni "kiwango cha uenezi" kwa walio nayo katika wakati fulani, na "kiwango cha matukio mapya" kwa yale yanayozuka katika muda fulani. Utafiti wa vijana wa mpira wa miguu wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2018, una vyote viwili. Waliopimwa walikuwa 11,168. Kati yao 42 walikutwa na maradhi ya moyo yanayoweza kuleta kifo cha ghafla. Huo ni uenezi, nao ni kiasi cha watu wanne kwa kila elfu. Baadaye, wanane walikufa kwa moyo katika miaka-watu 118,351. Hayo ni matukio mapya, kifo kimoja kwa kila miaka-watu 14,794. Tarakimu mbili hizi zikipewa jina moja, msomaji atadhani zinapingana.

5. Upimaji, uchunguzi na utafiti

Neno "uchunguzi" limebebeshwa mzigo mzito. Polisi hufanya uchunguzi, daktari hufanya uchunguzi wa mgonjwa, maiti hufanyiwa uchunguzi, na mwanachuo naye husema anafanya uchunguzi anapoandika tasnifu. Katika makala ya kitabibu mambo haya manne hukutana katika ukurasa mmoja. Tunapendekeza "utafiti" libaki kwa kazi ya kitaaluma, "uchunguzi wa maiti" litumike daima likiwa kamili, na "upimaji wa awali" liwe istilahi ya kuwapima watu wasio na dalili ili kuwabaini wenye kasoro iliyojificha.

Upimaji wa awali huweza kukosea kwa njia mbili. Humwambia mzima kuwa ni mgonjwa: hiyo ni "chanya potofu". Nao humwambia mgonjwa kuwa ni mzima: hiyo ni "hasi potofu". Chanya potofu humnyima kijana mchezo, pengine na masomo anayolipiwa kwa ajili ya mchezo. Hasi potofu humpa imani isiyo na msingi. Katika utafiti wa Uingereza tulioutaja, sita kati ya wale wanane waliokufa walikuwa wameonekana hawana kasoro walipopimwa. Hata hivyo mfasiri asiharakishe kuandika kwamba vipimo viliwadanganya wote sita. Kati ya kupimwa na kufa ilipita, kwa wastani, miaka 6.8, na baadhi ya maradhi ya moyo hujitokeza kijana anapozidi kukua. Lililo hakika ni kwamba kupimwa mara moja katika umri wa miaka 16 si kinga ya maisha.

6. Mwegemeo na kundi linganishi

Hitilafu inayouvuta utafiti upande mmoja bila ya watafiti kukusudia imekuwa ikiitwa "upendeleo". Neno hilo lina lawama ndani yake. Msomaji huelewa kwamba mtu fulani amependelewa kwa makusudi. Tunapendekeza "mwegemeo", kwa kuwa ukuta huweza kuegemea upande bila ya mtu kuusukuma.

Sasa turudi Veneto na Israeli. Nguvu ya utafiti wa Veneto ni kwamba walikuwa na kundi la kulinganisha: vijana wa mkoa huo huo wasio wanamichezo na wasiopimwa, ambao vifo vyao havikubadilika sana katika miaka hiyo. Lakini vijana hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwamba hawa wapimwe na hawa wasipimwe. Aidha, kiwango cha mwanzo, yaani kile 3.6, kilitokana na miaka michache tu, nayo ilikuwa na vifo vingi.

Watafiti wa Israeli waliangalia miaka mingi kabla ya sheria na mingi baada yake, kuanzia 1985 hadi 2009. Wao wenyewe walionyesha kwamba lau wangalilinganisha na miaka miwili tu iliyotangulia sheria, ambayo ilikuwa na matukio mengi, wangalisema sheria imepunguza vifo sana. Hilo ni funzo kubwa. Mtu akianza kuhesabu katika mwaka mbaya, kila kitakachofuata kitaonekana ni nafuu. Hata hivyo utafiti huo nao una udhaifu wake: matukio yalitafutwa katika magazeti mawili makuu, jumla yake ilikuwa 24 tu, na idadi ya wanamichezo ilikuwa ya kukadiria.

Kwa hiyo mfasiri mwaminifu hatamwambia ofisa kwamba upimaji huokoa, wala kwamba hauokoi. Atamwambia kila upande ulihesabu nini, kwa njia gani, tangu mwaka gani, na wangapi. Ofisa mwenye maelezo hayo ataweza kuamua kwa akili yake.

7. Kutoka Kaitaba hadi Shishiyu

Tafiti zote tulizozitaja ni za ng'ambo. Msomaji atauliza: na kwetu je? Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji kijana wa Mbao ya Mwanza alianguka na kufa katika mechi ya vijana wa chini ya miaka 20 dhidi ya Mwadui ya Shinyanga. Habari zilizotangazwa zilieleza kwamba kabla ya kuanguka aligongana na mchezaji mwingine. Nchi nzima ilihuzunika.

Kwa mtafiti, habari ya namna hiyo huweza kuingia katika vikapu vitatu. Huenda ikawa jeraha la kugongana. Huenda ikawa mtikisiko wa moyo, yaani pigo la kifuani linalouvuruga umeme wa moyo ambao hauna ugonjwa wowote. Huenda ikawa kasoro ya moyo iliyojificha. Ni uchunguzi wa maiti, na maelezo makini ya walioshuhudia, ndivyo vinavyotenganisha vikapu hivyo. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alipofariki uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, uchunguzi wa kwanza wa maiti haukuonyesha sababu kamili. Ni uchunguzi wa pili uliokuta unene usio wa kawaida wa misuli ya moyo.

Katika nchi zetu yapo pia maradhi ambayo tafiti za Italia na Marekani hazikuyakuta kwa wingi huo: ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, na selimundu, ambayo ni ya kawaida katika mikoa ya Ziwa. Hata mtu asiye mgonjwa wa selimundu bali mwenye kurithi chembe yake kwa mzazi mmoja huweza, kwa nadra, kufa kwa mazoezi makali ya joto. Kifo hicho kisiandikwe kuwa cha moyo pasipo ushahidi. Kwa hiyo tarakimu za ng'ambo hazihamishiki kwetu moja kwa moja. Tunahitaji za kwetu, na za kwetu zitaanza na karatasi itakayojazwa kijijini.

Tuseme basi kwamba katika kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, mwanafunzi ameanguka katika mashindano ya shule na kufariki. Mwalimu wa michezo anatakiwa aandike taarifa. Akiandika "alianguka ghafla akafa kwa presha", ameshatoa hukumu, na hakuna mtafiti atakayeweza kuitengua. Akiandika alichokiona, ametoa ushahidi: alikuwa akifanya nini, aligongwa au hakugongwa, aligongwa wapi, alilalamika nini kabla, alianguka saa ngapi, alikuwa akipumua au la, alikandamizwa kifua au hakukandamizwa, alifariki saa ngapi, aliwahi kuzimia mchezoni siku za nyuma au la, na katika ukoo wake yuko aliyefariki ghafla akiwa kijana au hayuko.

Njia hii si ngeni katika Usukuma. Huko Kisesa, wilayani Magu, si mbali na Simiyu, wakazi wamekuwa wakifuatiliwa kitafiti tangu 1994, na sababu za vifo zimekuwa zikitafutwa kwa kuwahoji ndugu wa marehemu kuhusu dalili alizokuwa nazo. Mahojiano hayo hufaa tu ikiwa anayehoji na anayejibu wanaelewana katika maneno. Ndugu akisema "alizimia", mhoji hana budi kujua kama alizinduka au hakuzinduka.

Kuna neno moja zaidi katika karatasi hiyo linalostahili kuangaliwa, nalo ni "haijulikani". Katika utafiti wa vyuo vya Marekani wa mwaka 2015, jibu lililotokea mara nyingi kuliko mengine, kiasi cha robo ya vifo ambavyo sababu yake iliweza kuamuliwa, ni kwamba moyo ulipochunguzwa haukuonyesha kasoro yoyote. Jibu hilo lina thamani kubwa, kwa sababu huelekeza kwenye hitilafu za umeme wa moyo, na huwafanya madaktari wawapime ndugu wa marehemu walio hai. Lakini karatasi zetu zikiandika "sababu haijulikani", hatujui kama maiti ilichunguzwa na kasoro haikuonekana, au haikuchunguzwa kabisa. Tunapendekeza maneno mawili yatenganishwe: "haikuonekana" na "haikuchunguzwa". La kwanza ni jibu. La pili ni kwamba swali bado halijaulizwa. Huenda mdogo wake marehemu anacheza katika uwanja ule ule.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Kwa manufaa ya wasomaji tunazikusanya hapa:

Kifo cha ghafla kitokanacho na moyo: kifo katika saa moja tangu dalili kuanza, au cha mtu aliyeonekana mzima katika saa 24 zilizotangulia, ambacho chanzo chake ni moyo.

Moyo kusimama ghafla: moyo kuacha kusukuma damu, mtu huweza kurudishwa akihudumiwa mara moja.

Shambulio la moyo: kuziba kwa mshipa unaolisha misuli ya moyo.

Mtikisiko wa moyo: moyo mzima kuvurugika kwa pigo la kifuani.

Mwanamichezo: neno la jumla, mwanariadha na mchezaji ni aina zake.

Mwaka-mtu, wingi miaka-watu: mtu mmoja kufuatiliwa mwaka mmoja.

Kiwango cha matukio mapya: yanayozuka katika muda fulani. Kiwango cha uenezi: walio nayo hali hiyo katika wakati fulani.

Upimaji wa awali: kuwapima wasio na dalili. Chanya potofu na hasi potofu ni makosa yake mawili.

Kundi linganishi: watu wanaolinganishwa na wale wanaotafitiwa.

Mwegemeo: hitilafu inayouvuta utafiti upande mmoja bila ya kukusudiwa.

Sababu haikuonekana, sababu haikuchunguzwa: zisichanganywe.

Baadhi ya istilahi hizi zimekwisha kuzoeleka, na nyingine, kama mwegemeo, ni mapendekezo yanayongoja kujaribiwa katika matumizi. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazijaribu katika kazi zao, na walio na neno linalotumika mahali pao na lililo bora zaidi watuletee. Lakini wakati istilahi zinajadiliwa, mwalimu wa michezo asingoje. Mtoto akianguka uwanjani na hapumui, aite msaada, apeleke mikono katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu na kwa haraka, wala asiache. Baada ya hapo ndipo aandike alichokiona, kwa maneno yaliyo wazi.